Ufuatiliaji wa Athari za Vichafuzi Vinavyoibuka kwa Viumbe wa Baharini

Maana na mipaka

Kichafuzi cha kemikali kinachoibuka ni dutu ambayo imethibitika, au inashukiwa kwa sababu za msingi, kuwadhuru viumbe, lakini bado haimo katika orodha za kawaida za upimaji wala haijawekewa kiwango cha kisheria. Neno kuibuka halina maana ya upya wa dutu yenyewe. Zipo dutu zilizotengenezwa juzi na kuingia sokoni kabla hazijachunguzwa. Zipo nyingine zilizokuwamo baharini kwa miongo mingi, zikaonekana pale tu mitambo ya maabara ilipopata uwezo wa kupima nanogramu. Zipo pia zilizojulikana tangu zamani na kuhesabiwa salama, hadi madhara yake yalipogunduliwa. Makundi hayo matatu huchanganywa mara kwa mara, na kuyachanganya huleta makosa katika kupanga kazi: la kwanza linadai sheria ya kutangulia, la pili linadai vifaa, la tatu linadai kurudiwa kwa ushahidi wa zamani.

Ufuatiliaji nao hutofautishwa na upimaji. Upimaji ni tendo la mara moja na hutoa picha ya siku hiyo. Ufuatiliaji ni mfululizo wa vipimo vinavyorudiwa mahali palepale, kwa njia ileile, kwa vipindi vilivyopangwa, ili mabadiliko yaonekane na chanzo chake kitafutwe. Ufuatiliaji wa kemikali huuliza ni nini kimo majini, matopeni au katika nyama ya kiumbe. Ufuatiliaji wa kibayolojia huuliza dutu hiyo imemfanya nini kiumbe huyo. Ufuatiliaji wa kiikolojia huuliza kama idadi ya viumbe na mpangilio wa jamii zao vimebadilika. Tanzu hizo tatu hutegemeana, lakini ule wa pili ndio kiungo, kwa kuwa takwimu za kemikali peke yake hazisemi chochote kuhusu madhara, na kutoweka kwa viumbe peke yake hakutaji mkosaji.

Aina za vichafuzi

Dawa za binadamu na mifugo ni kundi kubwa. Mwili hautumii dawa yote. Sehemu yake hutoka katika mkojo na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na mitambo mingi ya kusafisha maji taka haikubuniwa kuinasa. Humo mna viuavijasumu, dawa za maumivu, za kifafa, za msongo wa mawazo, pamoja na homoni za vidonge vya uzazi wa mpango. Nchini Kenya, watafiti wamekuta katika maji ya Mto Nairobi dawa za kupunguza makali ya VVU, zikiwamo lamivudini, zidovudini na nevirapini. Mto huo humwaga maji yake katika Mto Athi, na Athi huishia Bahari ya Hindi kwa jina la Sabaki, karibu na Malindi. Dawa hizi hazidumu majini kwa muda mrefu kama dutu za kale mfano wa DDT. Hata hivyo huongezwa kila siku, hivyo kiumbe wa mlangoni mwa mto hukaa nazo mwaka mzima kana kwamba haziozi.

Florokemikali, ambazo jina lake la kifupi ni PFAS, ni maelfu ya dutu zenye vifungo vya kaboni na florini, vifungo ambavyo ni vigumu sana kuvunjika. Hutumika katika povu la kuzimia moto, nguo zisizoloa, vyombo vya kupikia visivyogandisha na karatasi za kufungia chakula. Tabia yake mwilini ni tofauti na ya vichafuzi vya kale. DDT na PCB hukimbilia mafuta. Florokemikali nyingi hushikamana na protini, hivyo hutafutwa kwenye ini na damu. Mwaka 2001 John Giesy na Kurunthachalam Kannan walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa PFOS, mojawapo ya dutu hizo, ilikuwa imeenea katika miili ya wanyama wa mabara mengi, wakiwamo sili, pomboo na dubu wa ncha ya kaskazini wanaoishi mbali kabisa na kiwanda chochote.

Viambato vya plastiki ni kundi la tatu: vilainishi, vizuiamoto, na vikinga mionzi vinavyoizuia plastiki isipasuke juani. Kimojawapo, UV-328, kiliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti vichafuzi visivyooza upesi, kikawa kichafuzi cha kwanza katika orodha hiyo kisicho na klorini, bromini wala florini. Kipande cha plastiki hapa ni mzigo na ni chombo cha kuusafirishia mzigo huo.

Mafuta ya kujikinga na jua huchangia oksibenzoni na oktinoksati, zinazoshukiwa kudhuru matumbawe machanga. Palau ilipitisha sheria ya kuzuia mafuta yenye dutu hizo mwaka 2018, ikaanza kutumika Januari 2020. Hawaii ilifuata kuanzia Januari 2021. Ushahidi wa maabara ni mzito kuliko wa miambani, maana viwango vilivyotumika katika baadhi ya majaribio ni vikubwa kuliko vile vinavyokutwa majini, na hili husemwa waziwazi na watafiti makini. Kundi la mwisho ni la vyombo vya usafiri: rangi za kuzuia viumbe wasiote kwenye matumbo ya meli, vumbi la matairi linalosombwa na mvua, na mafuta mapya ya meli yenye salfa kidogo yaliyoenea baada ya kanuni ya kimataifa ya Januari 2020. Mafuta ya aina hiyo ndiyo yaliyomwagika Mauritius, kiasi cha tani 1,000, baada ya meli Wakashio kupanda mwamba mwezi Julai mwaka huohuo.

Viumbe viashiria

Kiumbe kiashiria ni yule ambaye hali ya mwili wake hueleza hali ya maji anamoishi. Sifa zake ni kutohama, kuishi miaka kadhaa, kupatikana kwa wingi, kustahimili kukusanywa na kusafirishwa, na kulundika dutu mwilini kuliko ilivyo majini. Kome na chaza wanatimiza karibu yote. Chaza mmoja huchuja lita nyingi za maji kwa siku, na vimeng'enya vyake vya kuvunja kemikali ni dhaifu, kwa hiyo kinachoingia hukaa. Kwa msingi huo Edward Goldberg alipendekeza mwaka 1975 mpango wa dunia wa kuchunguza bahari kwa kutumia kome, na Marekani imeuendesha wa kwake tangu 1986. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kome wa nchi za baridi hana nafasi. Nafasi yake inajazwa na chaza wa mwambani, Saccostrea cucullata, anayeota juu ya miamba na mizizi ya mikoko kutoka Somalia hadi Msumbiji na kuendelea.

Samaki hutumika pale panapotafutwa athari za homoni au za mfumo wa fahamu, ambazo chaza hawezi kuzionyesha vizuri. Anayefaa ni wa makazi ya kudumu, kama tasi wa majani ya bahari au changu wa miambani; jodari anayevuka bahari nzima hawezi kusema kemikali aliyonayo ameipata wapi. Ndege wa baharini hutoa mayai, na yai hubeba kumbukumbu ya alichokula mama. Wanyama wanyonyeshao wa baharini husimama juu kabisa ya mnyororo wa chakula, na kwao husomwa mlundikano wa miaka mingi. Usomaji wao unahitaji hadhari: jike humpa ndama wake sehemu kubwa ya mzigo wake kupitia maziwa, kwa hiyo dume mzee na jike aliyezaa mara nyingi hawalinganishwi moja kwa moja.

Viashiria vya kibayolojia

Kiashiria cha kibayolojia ni badiliko linalopimika ndani ya mwili, katika seli, kimeng'enya, damu au ogani, lililosababishwa na kemikali. Viashiria vya mguso huthibitisha tu kwamba dutu imeingia na mwili umeitambua. Viashiria vya athari huonyesha kwamba kazi fulani ya mwili imevurugika. Viashiria vya wepesi wa kudhurika hueleza kwa nini kiumbe mmoja huumia zaidi ya jirani yake. Mpaka kati ya kundi la kwanza na la pili si mkali.

Kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A hupanda samaki anapokutana na dutu bapa za jamii ya mafuta yaliyoungua na dayoksini. Asetilikolinesterasi, ambayo kazi yake ni kuzima ishara ya neva baada ya kupita, hushuka mbele ya viuatilifu vya fosforasi na vya kabameti. Metalothionini huongezeka ili kuzikamata metali. Viini vidogo vinavyoonekana pembeni mwa kiini cha seli ni dalili ya kromosomu zilizovunjika. Kwa kome na chaza, seli za hemolimfu hutiwa rangi nyekundu isiyo kali, na muda ambao lisosomu hushikilia rangi hiyo kabla ya kuivujisha hupimwa kwa dakika: muda mfupi ni dalili ya kiumbe aliye taabuni, ingawa haisemi taabu hiyo imetoka wapi.

Vitelojenini inastahili aya yake. Ni protini ya kutengenezea kiini cha yai, na hutengenezwa na ini la samaki jike kwa amri ya homoni ya estrojeni. Dume anayo jeni hiyohiyo, ila imelala. Inapokutwa katika damu ya dume, maana yake ni moja: maji yana dutu inayoigiza homoni ya kike. Katika miaka ya 1990 samaki bapa dume wa milango ya mito ya Uingereza, hasa Mersey na Tyne, walikutwa na protini hiyo kwa wingi. Je, dalili hiyo ya damu huishia kuwa madhara ya kizazi kizima? Jibu lilitoka kwenye maji baridi. Katika ziwa moja la majaribio huko Ontario, Kanada, watafiti waliokuwa chini ya Karen Kidd waliongeza homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwa miaka mitatu kuanzia 2001, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 katika lita. Madume yalijaa vitelojenini, na idadi ya samaki wadogo waliochunguzwa iliporomoka karibu na kutoweka. Nanogramu moja katika lita ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika lita bilioni moja.

Mfano mkuu: tributilitini

Mfano uliokamilika kuliko yote ni wa tributilitini, au TBT, dutu ya bati iliyotiwa katika rangi za meli tangu miaka ya 1960. Ilifanya kazi yake vizuri mno. Meli zilibaki safi na kutumia mafuta kidogo. Mwaka 1970 Stephen Blaber aliona huko Plymouth, Uingereza, konokono jike wa mwambani, Nucella lapillus, wakiwa wameota kiungo kinachofanana na uume. Mwaka uliofuata mtafiti aitwaye Smith alieleza hali hiyohiyo kwa konokono mwingine wa Connecticut, Marekani, akaipa jina la imposeksi. Wakati huo hakuna aliyejua chanzo. Mwishoni mwa muongo huo, ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa ilishindwa kupata mbegu za chaza, na chaza wakubwa walikuwa na magamba manene yenye vyumba vitupu visivyouzika.

Shaka iliangukia TBT, na Ufaransa ilipiga marufuku rangi hizo kwa vyombo vifupi kuliko mita 25 mwaka 1982, na Uingereza ikachukua hatua kama hiyo mwaka 1987. Katika kipindi hicho Peter Gibbs na Geoffrey Bryan walionyesha kwamba imposeksi huanza TBT inapokuwa karibu na nanogramu moja tu katika lita, kiwango ambacho maabara nyingi za wakati ule zilipata shida kukipima. Konokono alikuwa kipimo kikali kuliko mtambo. Aidha, kiwango cha badiliko hupangwa kwa ngazi: mwanzoni kijiuume kidogo, kisha mrija wa mbegu, na mwishowe mrija huo huziba tundu la kutolea mayai, jike akawa tasa na mara nyingi kufa na mayai yaliyomkwama ndani. Kwa kuwa Nucella hana lava anayeelea, mwamba uliopoteza majike wake haukupata wageni wa kuujaza upya, na idadi ya konokono ilikauka bandari kwa bandari.

Marufuku ya dunia ilikuja na mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa mwaka 2001, ulioanza kutumika Septemba 2008. Mkataba huo haukufungwa kwa dutu moja: mwaka 2021 uliongezewa sibutrini, kiua-mwani kilichochukua sehemu ya nafasi ya TBT, na zuio lake likaanza Januari 2023. Thamani ya mfano huu kwa ufuatiliaji iko katika umahususi wake. Viashiria vingi hulia kwa sababu kumi. Imposeksi hulia karibu kwa sababu moja.

Majaribio, na kutoka athari kwenda kwenye kemikali

Jaribio la kibayolojia hutofautiana na kiashiria kwa kuwa kiumbe hupelekwa kwenye sampuli badala ya sampuli kutolewa kwa kiumbe. Viinitete vya chaza huwekwa katika maji yanayochunguzwa kwa saa 24, muda unaotosha kufikia umbo la lava lenye upande ulionyooka kama herufi D. Walioshindwa au waliopinda huhesabiwa. Bakteria wa baharini wanaotoa mwanga hutumika pia, na kufifia kwa mwanga wao husomwa baada ya dakika chache.

Majaribio ya aina hiyo huwezesha mbinu ya kurudi nyuma: sampuli iliyothibitika kuua hugawanywa sehemu, kila sehemu hujaribiwa, iliyo na sumu hugawanywa tena, mpaka dutu yenye hatia ibaki peke yake. Ushindi mkubwa wa mbinu hii ulipatikana katika jimbo la Washington, Marekani. Salmoni aina ya coho waliotoka baharini kwenda kutaga katika vijito vya mijini walikuwa wakifa kila baada ya mvua, na hakuna kichafuzi kilichojulikana kilichoweza kueleza vifo hivyo. Zhenyu Tian, Edward Kolodziej na wenzao walianza na maji yaliyolowekwa chembe za matairi, yenye takriban kemikali 2,000, wakaishia kwenye moja, 6PPD-kwinoni. Matokeo yalichapishwa Desemba 2020. Dutu hiyo haitengenezwi na kiwanda; huzaliwa barabarani, kinga ya mpira wa tairi inapokutana na ozoni ya hewani. Hakuna orodha ya upimaji ambayo ingeweza kuitaja kabla.

Hifadhi za sampuli

Dutu isiyojulikana leo haiwezi kupimwa leo, lakini nyama iliyogandishwa leo inaweza kupimwa baada ya miaka 30. Ujerumani imeendesha benki ya sampuli za mazingira tangu 1985, ambamo kome, mwani, samaki na mayai ya shakwe huhifadhiwa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi hasi 150 za Selsiasi. Sweden nayo imehifadhi mayai ya ndege wa baharini wa kisiwa cha Stora Karlsö. Florokemikali zilipoanza kutiliwa shaka, mayai hayo yalifunguliwa, na ikaonekana kwamba PFOS ilikuwa imepanda karibu mara 30 kati ya 1968 na 2003. Historia yote hiyo ilisomwa kwa nyuma, kwa sampuli zilizowekwa kwa sababu nyingine kabisa.

Usanifu wa mpango

Mpango hudai vituo vyenye uchafu unaojulikana, vituo vya rejea visivyo na chanzo cha karibu, na vituo vya kati vinavyoonyesha mteremko. Katika Dar es Salaam mteremko wa asili upo kutoka mlango wa Mto Msimbazi kuelekea visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Katika Mombasa upo kutoka hori ya Makupa, kando ya lililokuwa dampo la Kibarani, kuelekea bahari kuu. Panapokosa chaza wa kuota wenyewe, huning'inizwa chaza kutoka mahali safi wakiwa ndani ya vizimba, na kuachwa kwa wiki kadhaa.

Majira ni jambo zito katika mwambao wa pepo za msimu. Masika husomba barabara na mashamba hadi baharini. Kusi huchafua maji na kuyapoza. Kaskazi huyatuliza na kuyapasha joto. Kiumbe anayekaribia kutaga hubadilisha mafuta, protini na vimeng'enya vyake bila kichafuzi chochote. Kwa sababu hiyo ukubwa, jinsia, hali ya uzazi, joto na chumvi ya maji huandikwa pamoja na kila kipimo, na sampuli hulinganishwa na za msimu uleule wa mwaka mwingine. Mpango usioandika hayo haufai kuitwa ufuatiliaji.

Tafsiri nayo ina mitego yake. Si kila dutu yenye bromini imetoka kiwandani. Pomboo waliofia katika nyavu za wavuvi kando ya Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipochunguzwa mafuta yao, dutu zilizotawala zilikuwa za bromini zinazotengenezwa kiasili na viumbe wa baharini, huku vizuiamoto vya viwandani vikionekana kwa dalili ndogo tu. Viuatilifu vya klorini na PCB vilikuwamo pia. Mtafiti asiyejua tofauti hiyo angetangaza janga la vizuiamoto ambalo halikuwapo. Mtego wa pili ni wa mchanganyiko: dutu kumi, kila moja ikiwa chini ya kiwango chake cha hatari, zinaweza kudhuru zikiwa pamoja, na jambo hilo huonekana kwenye mwili wa kiumbe kuliko kwenye jedwali la kemikali.

Nguvu ya kisheria na hali ya mwambao

Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ndio mlango mkuu wa kisheria; PFOS iliingizwa 2009, na florokemikali nyingine mbili zikafuata, PFOA 2019 na PFHxS 2022. Katika Bahari ya Hindi Magharibi, Mkataba wa Nairobi wa 1985 ulifanyiwa marekebisho 2010 na kupata itifaki juu ya uchafuzi unaotoka nchi kavu. Taasisi za utafiti zenye uwezo zipo, kama KMFRI ya Mombasa, TAFIRI ya Dar es Salaam na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja.

Mashine za kupima nanogramu ni ghali kununua na ghali zaidi kutunza, na kuzisubiri si sababu ya kuchelewa. Imposeksi husomwa kwa jiliwa la kuvunjia gamba na hadubini ya kawaida, na konokono wa familia ya Muricidae wamejaa katika miamba ya mwambao huu. Viinitete vya chaza vinadai maji safi ya bahari, hadubini na mtu mwenye subira. Muda ambao chaza hustahimili nje ya maji, kipimo kingine kinachokubalika cha afya yake, hauhitaji zaidi ya trei, kivuli na daftari. Mpango wa mwambao wa Afrika Mashariki unapaswa kuanza na vipimo hivyo, pamoja na friji ya kugandisha sampuli za chaza wa Msimbazi, Makupa na Sabaki kila mwaka, kabla kiwanda au bandari nyingine haijaongezwa.